Chairmani, tunaomba urudishe ile taarifa ya kila mwezi

Kwenye simu ya mwenzetu mmoja, ile yenye kioo kilichopasuka, kuna sauti 16 ambazo hatujazifuta mpaka leo. Zote ni za mtu mmoja, mwenyekiti wa LC3 wa eneo letu hapa magharibi mwa Uganda. Kila mtu anamwita Chairmani tu. Sauti ya kwanza ni ya mwisho wa Aprili 2020, ya mwisho ni ya Desemba 2021. Kila mwezi wa corona alikuwa anarekodi dakika tano, sita, anatuma kwenye WhatsApp, halafu vijana wanaipiga kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye boda, kuanzia senta mpaka bloku za mwisho kule bondeni.

Wiki iliyopita tumekaa tukazisikiliza tena, moja baada ya nyingine. Sababu yenyewe si nzuri. Kwenye uwanja wa ugawaji, mama mmoja wa kamati ya chakula, mama tunayemjua tangu tukiwa watoto, alirushiwa madongo na watu waliokuta majina yao hayapo kwenye orodha. Walisema ameuza majina. Yule mama hajawahi hata kuigusa hiyo orodha. Orodha inatoka kwenye kompyuta, yeye kazi yake ni kupanga watu kwenye mlolongo na kuwatafutia wazee mahali pa kukaa. Alifika nyumbani kitenge kimejaa matope, akasema kazi ya kamati basi, ameacha.

Siye tuliokuwepo wakati wa corona tulitazamana. Jambo kama hili tulishaliona, na safari ile halikufika kwenye madongo.

Kwa ninyi mliofika mwaka 2025 baada ya Goma kuanguka, tuwaeleze kidogo. Shule za Uganda zilifungwa 20 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza akatangazwa siku iliyofuata, na kabla mwezi haujaisha hakukuwa tena na basi, taksi, wala boda ya kubeba mtu. Kafyu ilikuwa saa moja jioni. Mikusanyiko marufuku, maana yake hakuna mkutano wa bloku, hakuna kanisa, hakuna msikiti, hata kilio kilikuwa cha watu wachache. Mwezi wa nne, katikati ya hayo yote, PAM, au WFP kama wanavyosema hapa, ikapunguza chakula cha wakimbizi kwa asilimia 30. Waliokuwa wanapokea pesa waliona shilingi 31,000 za kichwa kimoja zimekuwa 22,000.

Sasa fikiria. Chakula kimepungua na leja-leja hakuna, kwa sababu hata wenye mashamba wamejifungia. Tangazo limebandikwa besikampi, kwa Kiingereza, na besikampi ni mbali na boda haibebi mtu. Kwa hiyo watu wakajitafutia maelezo wenyewe, na maelezo ya haraka kuliko yote ni haya: kamati wamekula. Kiongozi wa kamati wa wakati ule alikuwa baba mmoja mpole, mwenye baiskeli mpya. Ile baiskeli ndiyo iliyomponza. Jioni moja tulisikia vijana wakubwa wanapanga kwenda kwake baada ya kafyu. Hatutaki kusema walikuwa wanaenda kufanya nini, lakini hawakuwa wanaenda kumsalimia.

Kabla ya siku hiyo kufika, ikaja ile sauti. Kiswahili cha Chairmani ni cha jeshini, alikipata ujanani, na hakioni haya. Alisema hivi, tunaandika kama ilivyo kwenye simu: "Wananchi na wakimbizi wote, mimi chairmani yenu naongea. Chakula imepunguka. Hapana sababu ya wezi. Kamati hapana kula. Pesa ya wale wanasaidia sisi imepunguka huko kwao, na hii ni Uganda yote, siyo hapa peke. Mtu atapiga kamati, mimi nitamfunga."

Ilipigwa kwenye bloku zote siku moja. Baba wa baiskeli alilala kwake salama. Leo yuko Kyangwali na wajukuu.

Tulijiuliza sana kwa nini mwanasiasa alihangaika hivyo. Sisi si wapiga kura wake. Mkimbizi hapa hachagui LC, sisi tuna baraza letu la RWC, na LC3 anachaguliwa na raia. Jibu tulilolipata ni la kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa Machi 2020 Rais Museveni aliwaonya wanasiasa kwamba atakayeonekana anagawa chakula mwenyewe na kukusanya watu atashtakiwa kwa kujaribu kuua. Msaada wote ulitakiwa upitie kamati ya corona ya wilaya, chini ya RDC. Na haikuwa maneno matupu, maana mwezi uliofuata mbunge Francis Zaake wa Mityana alikamatwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo Chairmani wetu hakuruhusiwa kubeba hata mfuko mmoja wa posho kwenye gari lake. Hakuwa na cha kugawa, akagawa habari.

Na kusema kweli, habari zake zilikuwa na uzito kuliko vitu vingine vingi tulivyopewa. Tuliposikiliza tena tuliandika alichokuwa anasema kila mwezi. Sabuni zimefika ngapi na zimeishia zoni ipi. Madumu ya kunawia yaliyowekwa kwenye visima. Masomo ya redioni ni saa ngapi na ni idhaa gani, maana shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022 na watoto wetu walikuwa wanasahau hata kuandika majina yao. Julai 2020, serikali ilipofungua mpaka kwa siku tatu upande wa Zombo ili watu wapatao elfu tatu waliokimbia Ituri waingie, senta nzima ilianza kusema Wakongo wanatuletea corona. Chairmani alirekodi akaeleza kwamba wale watu wanawekwa karantini kwanza. Chanjo zilipoanza Machi 2021, alisema wakimbizi wamo kwenye mpango, na akaongeza kwamba yeye mwenyewe ameshachomwa na bado anaweza kupanda ule mlima wa kwake. Watu walicheka sana, kwa sababu ule mlima alikuwa hauwezi tangu zamani.

Taarifa tunayoikumbuka zaidi ni ya mwezi mmoja ambao hakukuwa na kitu. Ni sauti fupi kuliko zote, haifiki dakika mbili. Anasema barakoa tulizoahidiwa hazijafika, ameuliza wilayani mara mbili, hakupewa siku. "Msingoje. Mama wenye cherehani washone." Basi. Na mama wenye cherehani wakashona, kwa vipande vya vitenge, na kuna wawili walioanzia hapo mpaka leo wana kibanda senta. Angesema "tuko mbioni," kama tunavyoambiwa siku hizi, tungekaa tunangoja.

Hapa ndipo tunataka wenzetu wa mashirika mtusikie vizuri. Mkimbizi amezoea kukosa. Asichoweza ni kupanga maisha yake wakati hajui kama anachokingoja kinakuja au hakiji. Ukimwambia mapema kwamba mwezi ujao hakuna, atalima kipande cha jirani kwa nusu ya mavuno, atapunguza sahani, atamtuma kijana mjini. Usipomwambia, atakopa duka kwa kutegemea chakula kisichokuja, na hilo deni litamla miezi sita.

Kuna jambo jingine ambalo wakati ule hatukuliona, tumelielewa sasa. Ile sauti ilikuwa moja kwa pande zote mbili za barabara. Upande wa juu ni vijiji vya raia, upande wa chini ni bloku zetu. Siku zote raia wanasema wakimbizi wanapewa kila kitu bure, na siye tunasema raia wanakula asilimia 30 ya msaada wetu, kwa sababu kuna ule utaratibu kwamba sehemu ya msaada wa wakimbizi iende kwa jamii inayowapokea. Kila upande una hesabu yake kichwani. Chairmani aliposoma hesabu moja, mzee mmoja wa upande wa juu, mwenye migomba mikubwa, alishuka mpaka kwenye bloku yetu akauliza kama ni kweli chakula kimekatwa. Alidhani tunapokea kama zamani. Msimu ule alitoa shamba lake la chini watu walime mihogo, akachukua theluthi badala ya nusu. Hatusemi alifanya hivyo kwa sababu ya sauti tu, yule ni mtu mwema tangu mwanzo. Lakini mtu mwema naye lazima ajue.

Tusimpake Chairmani mafuta kupita kiasi. Sauti ya Oktoba 2020 tumeisikiliza mara tatu, tukitafuta neno "wakimbizi". Halimo. Ya Novemba, halimo. Ya Desemba, halimo. Visima vilivyotajwa ni vya upande wa juu, sabuni ni za upande wa juu, hata salamu ni kwa "wananchi" peke yao. Uchaguzi ulikuwa unakuja, wa Januari 2021, na kwa sababu ya corona kampeni zilikuwa za redioni na kwenye simu. Sauti zake za kila mwezi zikageuka kuwa kampeni, na kwenye kampeni mtu asiyepiga kura hana kazi. Tulimwandikia ujumbe mfupi tukimuuliza kama tumehama bila kujijua. Hakujibu. Uchaguzi ulipopita, akarudi na kiti chake, na sauti iliyofuata ilianza tena na "wananchi na wakimbizi wote", kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya, maana Februari 2021 chakula kilikatwa tena, tukabaki na asilimia 60 ya kile cha kawaida.

Kosa lake la pili ni kwamba alihesabu kilichotolewa, hakuhesabu kilichoombwa. Anasema sabuni zimefika zoni tatu, hasemi zoni nne hazikupata. Anasema wagonjwa wangapi wamebebwa na ambulansi, hasemi yule dada wa bloku ya mwisho aliyejifungulia njiani usiku, kwa sababu ya kafyu na kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwasha boda. Siye tulimwambia kwa mdomo. Aliitikia kwa kichwa, mwezi uliofuata akasoma tena orodha ya vilivyotolewa.

Pamoja na hayo, tungependa kuwa naye leo, na makosa yake yote.

Kwa sababu angalieni kilichofuata. Januari 2022 shule zikafunguliwa, na taarifa ikaisha. Hakuna aliyeiaga. Tulidhani amechelewa kurekodi, mwezi wa pili tukadhani simu imeharibika, mwezi wa tatu tukazoea. Corona ikaondoka na taarifa yake, lakini njaa haikuondoka. Julai 2023 tukawekwa kwenye makundi matatu, walio hatarini zaidi, walio katikati, na wale wanaohesabiwa kwamba wanajitegemea, ambao hawapati tena. Watu wengi wa hapa walijua kundi lao siku ya ugawaji, wakiwa wameshafika mbele ya meza na gunia tupu mkononi. Mei 2025 WFP ikatangaza kwamba watu wapatao milioni moja hapa Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa sababu pesa hakuna. Ni wakati ule ule ambao malori yalikuwa yanashusha watu wapya kutoka Kivu. Habari kubwa kuliko ile ya Aprili 2020, mara nyingi zaidi, na hakuna boda iliyopita na kipaza sauti.

Kwa hiyo mama wa kamati akarushiwa madongo. Hatuwatetei waliorusha. Lakini mtu ambaye hajaambiwa kitu atamlaumu yule anayemwona kwa macho, na katika haya yote anayeonekana kwa macho ni mama wa kamati, siyo mfadhili aliyeko Ulaya au Marekani.

Tunajua mtakachosema, ndugu zetu wa mashirika: kuna namba ya bure ya malalamiko, kuna masanduku ya maoni, kuna mabango. Tunashukuru, na hiyo namba wengi wetu tumeipiga. Ila namba ya simu inamjibu mtu mmoja sikioni. Akirudi kwenye bloku akasema "wameniambia hivi", nani atamwamini? Wengine watasema naye amelipwa. Taarifa ya Chairmani ilikuwa inawajibu watu wote mbele ya watu wote, siku moja, kwa neno moja, na mwenye kusema uongo alikuwa anajulikana. Bango nalo halijibu kitu. Kuna bango moja senta lina picha ya familia inacheka, na chini yake maandishi mengi ya Kiingereza. Mbuzi wanajikuna pale.

Katika kundi letu hatukukubaliana wote, tuseme hilo pia. Wenzetu wawili wanasema tunamwomba mtu asiyekuwa wetu. Wanasema hii ni kazi ya RWC, tuliyoichagua wenyewe, na kwamba mwanasiasa akipewa kipaza sauti ataanza tena kampeni, hasa uchaguzi unapokaribia. Ni hoja nzito. Jibu letu ni kwamba viongozi wa RWC hawana posho, hawana bando, na wanaishi ndani ya bloku, kwa hiyo wakisema habari mbaya ni wao wa kwanza kurushiwa madongo. Chairmani ana kiti, ana askari, na ana masikio ya pande zote mbili. Tunataka RWC akae naye wakati wa kurekodi, amkumbushe zoni alizoziruka. Kama mwezi wa kampeni neno "wakimbizi" litapotea tena, safari hii hatutatuma ujumbe mfupi, tutaandika hapa hapa.

Tunachoomba si kikubwa. Dakika tano kila mwisho wa mwezi. Aseme kilichofika, kisichofika, nani ameachwa na kwa nini, na mtu akikosea kwenye orodha aende kwa nani, siku gani. Kama hajui, aseme hajui. Kiswahili chake cha jeshini kinatosha kabisa, asikisafishe. Siye tutaigeuza kwa Kinyabwisha, Kinyarwanda na Kirundi, jioni ile ile, bure, kama tulivyofanya miezi yote ya corona. Kipaza sauti bado kipo, kinakwaruza kidogo lakini kinasikika. Boda tunayo. Kinachokosekana ni petroli ya kuzunguka zoni zote mara moja kwa mwezi, na hapo kama kuna shirika linalotafuta mradi mdogo wa vijana, karibuni tuongee. Tafadhali msituletee fulana.

Barua ya Chairmani tumeshaiandika, kurasa mbili, kwa mkono. Tumenakili ndani yake maneno yake mwenyewe ya Aprili 2020, ili akumbuke. Iko kwa fundi cherehani pale senta, karibu na kisima cha pampu. Wanaotaka kuweka sahihi au dole gumba wapite kabla ya Alhamisi jioni, raia na wakimbizi, wote. Yule mzee mwenye migomba ameshaweka yake. Mama wa kamati tulimpelekea nyumbani aione. Aliisoma yote, akauliza kama ile sehemu ya madongo ni lazima iwemo. Tulimwambia akitaka tutaitoa. Alikaa kimya kidogo, akasema iacheni, ila mmeandika kitenge kilijaa matope, na kile kitenge ameshakifua.